Nilifungia sukari kabatini nimlinde bi mkubwa, siku ilipotakiwa ufunguo ukawa Kasulu

Fundi_Bati (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi si daktari wala sijasomea afya, nauza vifaa vya ujenzi hapa Mwanga, Kigoma mjini. Naleta yaliyonikuta nyumbani kwangu kwa sababu kila ninaposoma habari za kisukari naona watu wanaongelea sukari kupanda tu. Kilichotaka kuniondolea mama ni kushuka.

Bi mkubwa, yaani mama yangu, ana miaka 68. Kisukari kiligundulika akiwa na 61, baada ya kuhangaika na kiu na kwenda msalani usiku mara tano, mara sita, nasi tukidhani ni mambo ya umri. Baba alipofariki nikamchukua kutoka kijijini tukaishi naye hapa: mimi, mke wangu na watoto watatu.

Hapo nikajipa cheo. Nikawa askari wa sukari. Chai yake naionja mimi kwanza. Kwenye shughuli namchungulia kutoka upande wa wanaume nione sahani yake imejaa nini. Siku nilipokuta karatasi za pipi chini ya mto wake, nikachukua kopo la sukari la nyumba nzima nikalifungia kabatini chumbani kwetu. Ufunguo akawa nao mke wangu. Chai ya watoto ikiwa tayari, anafungua, anapima, anafunga. Nilijiona mtoto mwema kweli kweli.

Mwaka jana mwezi wa tatu mke akaenda msibani Kasulu. Bi mkubwa alikuwa na homa siku ya pili, tumempima, malaria imeonekana, dawa mseto ameanza. Kula hali. Uji vijiko viwili, anasukuma kikombe. Lakini vidonge vya sukari alimeza vyote, asubuhi na jioni, maana askari nilisimama mlangoni mpaka nikaona koo limeshuka.

Saa tisa usiku binti yangu mkubwa, anayelala na bibi yake, akaja kugonga. "Baba, bibi anaongea na babu."

Nilikuta shuka limelowa kama mtu kamwagia ndoo ya maji. Kanga imemgandia mwilini. Mikono inatetemeka, macho yako wazi ila hayanioni. Anaongea Kiha, anamwambia marehemu afunge mbuzi, mvua inakuja. Nikamshika mkono anyanyuke, akanizaba kofi. Mama yangu hajanipiga tangu nikiwa darasa la tano.

Majirani wakajaa. Mmoja akasema ni mapepo, aitwe mtu wa kusoma. Mwingine, huyu alisema kwa uhakika kabisa, akasema sukari imempanda, asipewe kitu chochote kitamu. Nami nikamkubali huyo wa pili, kwa kuwa kupanda ndiko nilikokuwa nakujua. Aliyetutoa ni kijana mpangaji wa uani ambaye mdogo wake anachoma insulini, sindano ya kushusha sukari. Aliuliza maswali mawili tu: leo amekula nini, na dawa amemeza? Akasema mpeni sukari sasa hivi.

Sukari ipi? Sukari iko kabatini. Ufunguo uko Kasulu ndani ya mkoba wa mke wangu.

Nilivunja kitasa kwa nyundo. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka kuliko wa mama. Kabla sijamaliza, mama muuza maandazi wa jirani alishaleta ya kwake kwenye karatasi ya gazeti. Vijiko vinne vya chai kwenye nusu kikombe cha maji, tukamnywesha kidogo kidogo kwa sababu alikuwa bado anameza. Bajaji ikaja. Hospitali wakampima wakakuta 2.9, na hapo sukari ilishaingia tumboni.

Wakamtundikia dripu ya glukosi. Baada ya muda mfupi akafumbua macho akaniuliza mbona nimevaa fulana nje ndani. Nikadhani asubuhi tunarudi nyumbani. Daktari akasema hapana: kidonge kimoja alichokuwa anameza, glibenklamidi, hukaa mwilini muda mrefu, hasa kwa mzee ambaye figo zimechoka. Sukari inaweza ikapanda sasa ikaanguka tena baadaye mkiwa mmelala. Tukakaa siku mbili. Kile kidonge wakamwachisha, wakamwekea kingine, na metfomini, kidonge chake cha pili cha sukari, ikabaki.

Wakati wa kutoka daktari akaniuliza, "Nyumbani sukari mnaiweka wapi?" Sikumjibu.

Sasa hivi kopo liko mezani, halina hata kifuniko kinachobana. Na chini ya mto wa bi mkubwa, pale pale pa pipi, kuna pakiti ya glukosi ya unga ambayo mjukuu wake ndiye msimamizi.

Naomba na nyie mseme mnavyoishi na wagonjwa wenu majumbani. Nawasilisha.


Shemeji_Mkimya

Pole mkuu. Nimesoma hapo kwenye ufunguo nikasimama wima. Kwetu sukari iko kwenye begi la mzee mwenyewe, kalificha tusile sisi.


Nesi_Wa_Zamu

Mkuu umeeleza vizuri kuliko sisi tunavyoeleza kliniki, maana pale foleni ni ndefu na tunaongea haraka. Niongezee kidogo.

Kwa mtu mwenye kisukari, kipimo chini ya 4 kwenye mashine inayosoma mmol/L ni sukari kushuka. Dalili ndizo hizo: jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, hasira zisizo na sababu, kuongea ovyo. Kuna wengine wanaonekana kama walevi kabisa na watu wanawaacha barabarani. Mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida kama nusu chupa. Soda isiyo na sukari haitasaidia kitu. Subiri dakika 15, pima, kama bado iko chini rudia. Ikishapanda ale chakula cha kweli, ndizi, uji, chochote, isianguke tena.

Akiwa hamezi, MSIMMIMINIE kitu mdomoni. Mlaze ubavu, kimbiza hospitali. Nimepokea wagonjwa waliopaliwa na chai ya huruma.

Na mkiwa hamna mashine ya kupimia, hamjui imepanda au imeshuka, na mtu anatoka jasho anapotea: mchukulie imeshuka. Vijiko vinne kwa mtu aliyepanda havitamfanya kitu kikubwa kwa saa ile. Kumnyima aliyeshuka kunaweza kummaliza kabla hujafika barabara ya lami.

Kingine: homa, kutapika, kukosa hamu ya kula, hizo ni siku za kupiga simu na kuuliza dozi. Kidonge cha kushusha bila chakula ndicho kilichomwangusha bi mkubwa. Malaria nayo inaweza kuisukuma sukari huku na huku. Ila wale wa insulini wasije wakasoma hapa wakaacha sindano kabisa kwa kuwa hawajala. Hasa watoto. Kuacha kabisa ni hatari nyingine. Uliza upunguze kiasi gani.


Fundi_Bati

Asante sana dada nesi. Hiyo ya "mchukulie imeshuka" ningeijua usiku ule ningesevu kitasa.


Mlamba_Asali

Wakuu, mimi niko Tabora. Kwanini mnasumbuka na sukari ya dukani? Asali ya miombo ya kwetu ni dawa, haipandishi. Mzee wangu ana kisukari miaka minne, chai yake ni asali tupu, vijiko vitatu, asubuhi na jioni. Sukari ya kiwandani ndiyo sumu.


Nesi_Wa_Zamu

Ndugu wa Tabora, asali yenu naipenda na ninayo ndani. Lakini karibu asilimia 80 ya asali ni sukari, sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Nyuki hakuweka maajabu humo. Kama mzee ana mashine, mpime kabla ya chai na umpime saa mbili baadaye. Usiniamini mimi, iamini mashine.


Mkamwana_Wa_Ujiji

Fundi_Bati umesema wewe ulikuwa askari. Mimi nilikuwa mtuhumiwa.

Naishi na mama mkwe Ujiji. Alipogundulika mume wangu akaniambia "mke wangu, chakula cha mama ni juu yako." Basi nikaanza kupika sufuria mbili. Yetu ina ugali wa muhogo, sombe (kisamvu) ya mawese, na migebuka ya kukaanga. Ya mama ina mchicha uliochemshwa usio na chumvi na kipande cha samaki kama cha paka. Nilidhani ndiyo dawa. Tunakaa mkekani, sisi tunatafuna, mama anachokoa.

Siku moja wifi yangu kapiga simu kutoka Uvinza. Sijui mama alimwambia nini. Jumamosi wifi huyu hapa, na sufuria la vitumbua na soda katoni nzima. Kaingia hajanisalimia. Anamwambia mama kwa sauti ya mimi nisikie: "Kula mama, hapa unauliwa na njaa." Nililia jikoni, moshi ukanisaidia visingizio.

Aliyeamua ile kesi si mume wangu, yeye aliondoka kwenda "kuangalia mpira". Ni kliniki. Jumatatu yake ilikuwa tarehe ya mama, nikamwambia wifi mpeleke wewe leo. Wakaenda alfajiri, mama hajala kwa sababu ya kipimo cha asubuhi. Foleni mpaka karibu saa sita. Saa nne mama kaanza kutetemeka kwenye benchi. Wifi mwenyewe ndiye aliyekimbia nje kutafuta soda. Kisha wakaingia darasani kwa nesi, wakaelezwa chakula, wakaonyeshwa sahani. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Sasa hivi ndiye anayepiga simu kuniuliza "mama kapewa ugali kiasi gani?" Mkali kuliko mimi. Mwaka huu katuletea mizani!

Tangu hapo: siku ya kliniki mama anabeba kiporo cha viazi au ndizi mbili za kuchemsha kwenye mfuko, akishatobolewa kidole tu anakula, na dawa anameza pale na chakula.

Na sufuria mbili nimeziua. Nyumba nzima tunakula sufuria moja. Mume wangu kapungua tumbo bila kuambiwa.


Kigoma_Moja

Dada umeandika. Hiyo "kwenda kuangalia mpira" tumekuelewa wanaume wote humu.


Mpenda_Muhogo

Fundi_Bati hujasema bi mkubwa anakula nini sasa. Ugali wa muhogo ameacha? Maana mzee wangu kaambiwa ale dona na ngano, anasema bora afe ameshiba.


Fundi_Bati

Mkuu hapo pana habari ndefu.

Tulijaribu kumwachisha muhogo. Alikula dona siku tatu, siku ya nne akasema tumbo linauma, ya tano akaenda kwa jirani "kusalimia" akarudi ana unga kwenye vidole. Nikamwambia mke wangu tuache ujinga, mwanamke wa Kiha wa miaka 68 huwezi ukamtoa kwenye muhogo kwa amri.

Tukabadilisha vipimo. Zamani ugali unawekwa katikati, mlima, kila mtu anamega, hakuna anayejua kala kiasi gani. Sasa mama ana sahani yake, ile ile ya bati yenye maua aliyokuja nayo. Nusu ya sahani ni majani: sombe, mchicha, majani ya maboga, mlenda. Robo ni maharage au samaki. Robo iliyobaki ndiyo ugali, donge la ukubwa wa ngumi yake, si yangu. Tulibishana ngumi ya nani wiki nzima.

Na anaanza na mboga na samaki, ugali unakuja mwisho. Hiyo tuliambiwa hospitali, nikadhani ni mbwembwe, lakini ukipima saa mbili baada ya kula tofauti unaiona, muhogo ule ule.

Maharage tumebahatika, ya mkoa huu yanajulikana nchi nzima. Yanashibisha na hayaipandishi sukari kwa pupa. Dagaa ndiyo usiseme. Ila mawese tuliambiwa yasizidi: hayaongezi sukari moja kwa moja lakini ni mafuta, na mwenye kisukari moyo na mishipa yake inahitaji kuhurumiwa. Sombe bila mawese haiitwi sombe, basi tukashuka kutoka upawa hadi vijiko viwili.

Kilicholeta tofauti kubwa kuliko vyote ni chai. Alikuwa anakunywa vikombe vitatu asubuhi, vijiko vinne vinne. Piga hesabu. Vijiko kumi na mbili kabla ya saa tatu, halafu sisi tunagombania kipande cha muhogo! Tulishusha kijiko kimoja kila wiki. Sasa anakunywa na tangawizi na mchaichai, na anajisifu kwa wageni.

Maembe ya msimu ndiyo vita ambayo haijaisha. Tumekubaliana nusu embe. Kokwa anasema haihesabiwi.


Kigoma_Moja

Kokwa haihesabiwi. Sheria ipite bungeni.


Mama_Mshambuliaji

Nyie wote mnaongelea wazee. Mimi mgonjwa wangu ana miaka 12, yuko darasa la sita huku Kibondo.

Yeye ni aina ya kwanza, mwili wake hautengenezi insulini, vidonge si vyake, ni sindano kila siku maisha yake yote. Alianza akiwa na miaka 8. Anakunywa maji kama ng'ombe, anakojoa kitandani wakati alishaacha tangu ana miaka mitatu, anakonda nguo zinamvuka. Tukasema minyoo. Tukasema malaria. Siku anatapika na kuhema kwa nguvu mdomo unanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, tukasema kalishwa kitu. Daktari aliyempima sukari ndiye aliyeniokolea mtoto, mashine iliandika neno badala ya namba, maana ilikuwa juu kuliko inavyoweza kuhesabu. Naomba mzazi yeyote akiona kiu, mkojo mwingi na kukonda kwa mtoto, aombe kipimo cha sukari siku hiyo hiyo. Kidole kimoja tu.

Friji sina. Vichupa visivyofunguliwa vinatakiwa baridi ya nyuzi 2 hadi 8, hivyo akiba yangu iko kwenye friji la kituo cha afya, nachukua kidogo kidogo. Kinachotumika nakiweka kwenye mtungi: chungu kikubwa, ndani yake chungu kidogo, katikati mchanga nimeujaza na kuulowesha maji, juu kitambaa kibichi. Kichupa kinakaa ndani ya kikopo cha plastiki chenye kifuniko ili maji yasikiguse. Vyungu viko kwenye kona ya chumba isiyopigwa jua, nalowesha mchanga asubuhi na jioni. Ukitia mkono ndani unasikia ubaridi kama wa kisima. Kikishafunguliwa natumia wiki nne basi, tarehe naiandika kwa kalamu kwenye kichupa chenyewe, hata kama imebaki.

Barafu nayo ni adui. Nilisafiri na treni kutoka Dar nikaitia insulini kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu, nikijiona mjanja. Tunafika Tabora, behewa zetu zinasubiri kuunganishwa za Kigoma, nikafungua: imeganda. Insulini iliyoganda hata ikiyeyuka haina kazi, ni kutupa. Sasa natuliza chupa ya chai kwa maji ya baridi, nayamwaga, nafuta, ndipo naweka vichupa vimezungushiwa kitambaa.

Shuleni kulikuwa na kazi. Mwalimu mmoja alimchapa kwa kula darasani. Alikuwa ameshuka, anatafuna pipi kama nilivyomfundisha. Sikwenda kugombana. Nilikwenda na mashine, nikamtoboa mtoto mbele ya walimu, nikajitoboa na mimi, wakaona namba mbili tofauti. Mwalimu yule yule sasa ndiye anayemtunzia soda ofisini.

Majirani ndio hawaishi. "Mtoto mdogo hivyo mnamchoma, atazoea." Atazoea nini? Kupumua? Nilimwambia mwanangu kwamba mtu wa kwanza kuchomwa insulini ikamponya asife alikuwa mvulana kama yeye, ana miaka 14, huko Toronto, Kanada, Januari 1922, na kabla ya hapo mtoto wa aina hii hakuwa na dawa. Aliuliza swali moja tu: "Alikuwa anacheza namba ngapi?"

Yeye ni mshambuliaji. Kabla ya mechi anakula ndizi, na pipi ziko kwenye soksi.


Fundi_Bati

Dada hiyo ya kujitoboa mbele ya walimu imenitoa machozi dukani, mteja anauliza misumari nashindwa kumjibu.


Dawa_Asili_Original

Hospitali ni biashara, wanataka mmeze vidonge mpaka kufa. Mjomba wangu alikunywa majani ya mlonge na mwarobaini mwezi mmoja, kisukari kikaisha kabisa.


Kibirizi_Usiku

Mkuu, baba yangu naye "kilikwisha". Aliacha vidonge, akawa anakunywa vichungu. Hakupima tena kwa sababu kapona, apime nini? Sisi ni wavuvi wa dagaa hapa Kibirizi. Miguu ilikuwa imekufa ganzi hatujui. Jioni moja kakanyaga kaa la moto mwaloni, kaendelea kutembea. Sisi ndio tulioona moshi, yeye hakusikia kitu. Kidonda hakikupona. Vidole viwili vilikatwa, tukashukuru ni vidole.

Sasa kila jioni mjukuu anamkagua nyayo na katikati ya vidole, kwa tochi ya simu. Pekupeku ni marufuku hata chumbani. Maji ya kuoga anapima mtu mwingine kwa mkono. Ndala za kubana kidole tumezitupa.

Mlonge mboga nzuri, ule. Vidonge usiache.


Mzee_Wa_Msikiti

Assalaam alaykum vijana. Nami nitoe langu, kwa kuwa Ujiji kwetu watu wengi hawalisemi.

Nachoma insulini mwaka wa tano. Daktari aliniambia mapema usifunge Ramadhani. Nikaona haya. Mtu nilifunga tangu utotoni, leo nionekane nakunywa maji mchana? Nikafunga kimya kimya. Siku ya sita, baada ya alasiri, nikaanguka sokoni mbele ya watu wote niliokuwa nawaonea haya.

Imamu wetu akanijia nyumbani. Akasema mgonjwa asiyetarajia kupona amepewa njia yake kwenye Qurani yenyewe, fidia, kulisha masikini kwa kila siku. Akaniambia, "Mzee, ruhusa ya Mungu unaikataa kwa nini?" Tangu hapo nyumba yetu inapika sahani moja ya ziada kila magharibi inakwenda kwa mtu. Wajukuu ndio wanaoipeleka.

Wapo wenye vidonge tu wanaoruhusiwa. Wakamwone daktari tangu mwezi wa Shaabani, dawa zipangwe upya kwa futari na daku, si waamue wenyewe usiku wa kuandama mwezi. Na wajue kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Sisi tuliambiwa kipimo kikishuka chini ya 3.9 au kikipita 16.6, fungua hapo hapo, usisubiri adhana hata kama imebaki dakika kumi. Na futari ya kaimati na uji wa sukari na tende kumi kwa pamoja, hiyo haimlipi mtu njaa ya mchana, inamlaza kitandani.


Mkamwana_Wa_Ujiji

Shikamoo mzee. Naomba hii nimsomee mama mkwe.


Mzee_Wa_Msikiti

Marahaba mwanangu. Msomee taratibu.


Mpenda_Muhogo

Swali la hela jamani. Vijiti vya kupimia vinaniua. Na ndugu wanachangia?


Fundi_Bati

Ndugu! Tuna kundi la familia kwenye simu, watu kumi na mmoja. Kaka yangu wa Dar hutuma video: mdalasini, maji ya bamia, mbegu za parachichi. Hela hatumi. Nikachoka, nikapiga picha risiti moja moja mwezi mzima nikawa naziweka humo bila neno lolote. Vijiti, vidonge vilivyokosekana dirishani, bajaji ya kliniki, viatu. Mwisho wa mwezi dada yetu akaandika, "Kumbe." Neno moja. Siku ya pili tukagawana: mmoja vijiti, mmoja nauli, mimi chakula. Kaka wa Dar alipewa vijiti kwa kuwa ndiye mtaalamu.

Kuhusu vijiti, kabla hujanunua mashine ulizia kwanza vijiti vyake vinauzwa wapi na bei gani. Kijiti cha mashine moja hakiingii kwenye nyingine. Mimi nililetewa mashine nzuri ya zawadi kutoka nje, vijiti vyake Kigoma nzima havipo, sasa watoto wanachezea udaktari. Ya sasa inanigharimu kama mia sita kwa kijiti. Hatupimi kila siku mara tatu, hatuwezi. Tunapima asubuhi siku tatu kwa wiki, tunabadilisha siku moja tunapima saa mbili baada ya chakula, na wakati wowote akijisikia vibaya. Akiumwa homa hapo hatuhesabu hela.

Anaandika mwenyewe kwenye daftari. Nilikuja kugundua anapunguza. Mashine inasema 11.8, daftari linasema 9. Nikataka kufoka, nikakumbuka kitasa. Nikamuuliza tu kwa nini. Akasema, "Nikiandika kubwa unaninyamazia siku nzima."

Wakuu hiyo ilinichoma kuliko lile kofi. Siku hizi namba ikiwa kubwa tunaulizana jana tulikula nini, basi, tunanywa chai.


Mlamba_Asali

Nimerudi. Nesi ulinichokoza, nikaazima mashine kwa jirani. Mzee kabla ya chai 8.1. Chai na asali vijiko vitatu, hakuna kingine. Saa mbili baadaye 13.4. Nikadhani mashine mbovu, kesho yake nikarudia, 13 na kitu tena. Mzee mwenyewe kanyamaza, anaitazama asali kama mtu aliyesalitiwa na rafiki.

Naomba radhi kwa niliowapotosha. Asali tumeihamishia kwenye kichupa kidogo, anatembea nacho mfukoni akienda shamba, kwa ajili ya ile ya kushuka. Hiyo nesi unaruhusu?


Nesi_Wa_Zamu

Hiyo naruhusu kwa mikono miwili. Kijiko kimoja kikubwa cha chakula kinatosha kuanzia. Umefanya jambo la kiungwana kurudi kusema.


Dawa_Asili_Original

Mashine zenyewe zinatoka nje.


Kibirizi_Usiku

Na simu uliyoandikia?


Fundi_Bati

Wakuu nimesoma yote, nimemsomea na bi mkubwa, alikuwa anamenya maharage akaacha. Kwenye kile cha mtungi akasema huyo mama wa Kibondo ana akili, yeye alikuwa anahifadhi maziwa hivyo hivyo. Kwenye kaa la moto akavuta miguu yake ndani ya kanga. Kesho tunakwenda kutafuta viatu vya kufunika, alikuwa amegoma tangu mwaka jana.

Kitasa cha kabati sijakitengeneza mpaka leo. Mke wangu ananidai.

Asubuhi hii: 7.4. Kasema niwaandikie 7, hiyo nne ni ya mashine.